Aliyeziona Peke Yake

"Nimeiona mimi, yatosha." Maneno hayo aliyasema miaka na miaka, na mtaa mzima wa Kuze uliyasikia ukanyamaza. Mpaka leo nikiyakumbuka damu hunichemka. Tulimwita Mwalimu, kwa kuwa alisomesha hesabu hata akastaafu, lakini hizo hesabu zake hakuna aliyezikumbuka. Tulimjua kwa jambo jingine kabisa: yeye ndiye aliyekuwa akituangalilia sinema kabla hatujaziona.

Nieleze, maana nikiwasimulia wasichana wa kazini kwangu Mbaraki hudhani natunga. Zamani palikuwa na mchana mmoja kila wiki wa zanana, yaani wanawake watupu ukumbini, hata mkata tiketi ni mwanamke. Mama zetu walikwenda kwa mafungu, buibui zimejaa harufu ya udi, watoto mgongoni na njugu kwenye mikoba. Mwenye sinema alikuwa Mhindi mmoja mwoga wa fitina. Hakutaka aje asemwe msikitini kwamba anawaharibu wake za watu. Basi akaona bora apate mtu mzima wa mtaani, mwenye heshima zake, aitazame kila filamu mwanzo, na atakalosema lifuatwe. Serikali haikumtuma Mwalimu, wala hakuna aliyempigia kura. Aliombwa tu, naye akakubali mbio mbio.

Alikwenda asubuhi, ukumbi mtupu, akakaa katikati kabisa na kanzu yake iliyopigwa pasi, bakora imelala magotini. Juu alikuwako fundi wa mashine peke yake. Mwalimu akigonga bakora sakafuni, fundi alitia alama pale, na kipande kile kilikatwa. Akitoka mwisho akasema "Na ipite," filamu ilipita. Lakini akitoka mwisho bila kusema hivyo, basi tena. Filamu ilirudi Nairobi kwa gari la moshi ndani ya mikebe yake, na hakuna mwanamke wa Mombasa aliyepata kuijua hata jina.

Lililoniudhi mimi ni kwamba hizo alizozirudisha ndizo alizozipenda. Zile alizopitisha, za kupigana na kuimba kwenye bustani, alizisahau kabla hajafika kwake. Ukimuuliza alikwambia, "Upuuzi, lakini hauna madhara." Zilizorudi kwenye mikebe alizikumbuka mpaka mkunjo wa shati la mtu.

Na alijua kuzisimulia, hilo siwezi kumnyima. Jumapili jioni familia zetu zilikuwa zikienda Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo, watu wakila mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, naye akipata mahali pa kukaa na dafu mkononi, haichukui muda amezungukwa. Majina ya filamu hakuyataja. Alizipa majina yake mwenyewe. Palikuwa na Ile ya Daraja, ya mzee anayelinda daraja ambalo gari la moshi halilipiti tena, na kila asubuhi analipaka rangi. Palikuwa na Ile ya Mjane na Nyuki, ya Kihindi, isiyokuwa na wimbo hata mmoja, ya mwanamke anayezungumza na mizinga yake kwa kuwa wakwe wamekataa kusema naye. Palikuwa na ya Kiarabu, ya kadhi anayemhukumu binti yake mwenyewe kisha anashindwa kuijua njia ya kurudi nyumbani. Alisimulia kwa mikono, kwa macho, kwa kunyamaza. Ilikuwa watu wazima wanaacha mihogo ipoe.

"Sasa Mwalimu," jirani yetu mmoja alimuuliza siku moja, mwanamke mwenye ulimi, "hiyo ya mjane ina ubaya gani? Mbona hukutuachia tukaiona?"

"Mwisho wake anatoka nyumbani kwa wakwe, akenda zake."

"Na kama walimtesa?"

"Ndiyo maana haikupita. Kama hawakumtesa ningeipitisha, kwani nani angemfuata?" Akafyonza dafu. "Picha mbaya haimdhuru mtu, bibi. Nzuri ndiyo ya kuogopwa."

Watu wakacheka, na yule bibi akacheka nao, lakini niliona hakufurahi. Mimi nilikuwa msichana mdogo nimekaa miguuni pao, na nilidhani Mwalimu ni mtu mkubwa kuliko watu wote duniani, kwa sababu dunia yote ilipita mbele yake kwanza. Utoto ni kitu cha kuonewa huruma.

Alikuwa na vituko vyake. Mkewe hakutia mguu sinema maisha yake yote, si kwa zanana wala kwa kitu gani, kwa amri ya Mwalimu. Lakini kila alipotoka ukumbini alikwenda moja kwa moja jikoni akamsimulia huku yule bibi anachagua mchele, hata akamliza, machozi yakaingia kwenye ungo. Alichukia watu wanaozungumza filamu ikienda, na hali yeye alitazama peke yake. Fundi wa mashine aliwahi kumwambia bibi yangu kwamba Mwalimu hulia sana mle ukumbini, mpaka hutoa leso, kisha huifuta miwani, huinuka, huondoka, na filamu inarudi. Akiambiwa anazuia watu raha zao alijibu, "Mwenye macho haambiwi tazama." Sijui alikusudia nini. Macho tulikuwa nayo sote. Cha kutazama ndicho alichotunyima.

Na sitaki nionekane sina shukrani. Mwalimu alinifundisha hesabu bila ya ujira, mezani kwa bibi, mpaka nikapata kazi ya ofisi. Bibi alipokufa, alishika jeneza mbele na mabega yake yale yaliyokwisha kuchoka. Kila Ijumaa alipita makaburini akasoma Yasini kwenye kaburi la mama yangu, mvua inyeshe isinyeshe. Ndiyo maana chuki yangu kwake haijapata kukaa vizuri. Huiweka huku, ikateleza kule.

Mama yangu alikufa mimi sijaanza kutembea. Picha zake zilikuwa chache, na bibi alizichoma zote baada ya arubaini, kwa kuwa aliamini maiti hapumziki ikiwa uso wake unatazamwa ukutani. Simlaumu, alikuwa mama aliyefiwa na bintiye. Lakini nilikua naambiwa, "Umefanana na mamako, utasema yeye," na mimi simjui huyo niliyefanana naye. Nilikuwa nikisimama mbele ya kioo nikimtafuta. Nilijaribu kucheka namna mbalimbali, nione ipi itakuwa yake.

Kisha bibi akaniambia. Mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa mimi, Wazungu walikuja kupiga filamu hapa Mji wa Kale, wakakodi chumba cha juu nyumba inayoelekeana na yetu. Bibi alidhani wanapiga mapaa. Filamu yenyewe ilifika sinema yetu mama ameshakufa, na Mwalimu, amekaa peke yake asubuhi na bakora yake, akamwona. Mama yangu yuko darini, juu ya nyumba, anaanika nguo, hana buibui, hana mtandio, nywele wazi, anacheka.

Aligonga bakora. Kipande kikakatwa, tena hakutosheka: ilipokwisha alitoka bila kuipitisha, na filamu nzima ikarudi Nairobi imepungua. Kile kipande akaja nacho kwa bibi ndani ya mfuko wa kanzu, na wawili hao wakakitia kwenye makaa ya seredani jikoni.

Siku hizo wavulana wa mtaani walikuwa na vipande vya filamu, vile vya kukatwa, walivyopewa na fundi. Walivinyanyua juani wakatazama watu wadogo wadogo ndani. Nilikuwa nikiwapokonya. Nilipigana na wavulana wakubwa kuliko mimi kwa ajili ya vipande vile, nikavitazama kimoja kimoja dhidi ya jua mpaka macho yakanitoka machozi, nikitafuta mwanamke juu ya dari. Nilikuwa najua kimechomwa. Nilitafuta vivyo hivyo.

Mwishowe nilimwendea mwenyewe, nikamwambia, "Mwalimu, kwani mama alifanya nini kibaya?"

Alinikalisha karibu naye. "Hakufanya kitu, mwanangu. Alikuwa kwao, yuko juu ya dari ya nyumba yao. Wale Wazungu ndio waliomwibia. Ametangulia mbele ya Mola wake na sitara yake. Maiti hana mikono ya kujifunika, tunamfunika sisi."

"Mimi nataka kumwona tu."

"Nimeiona mimi," akasema, akanipapasa kichwa. "Yatosha."

Filamu yenyewe aliiita Ile ya Kiziwi, na aliisimulia Mama Ngina kama zile nyingine. Ni ya mtu kiziwi aliyeshuka na meli kumtafuta nduguye katika mji ambao hausikii. Kila pale tunapotazama kwa macho yake, sauti hukatika, unaona midomo ya watu tu. Mwalimu aliimaliza yote, mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa mahali pamoja. "Kiziwi akafungua dirisha," alisema, kisha akakaa kimya kidogo, akaendelea, "akalifunga." Watu hawakugundua kitu. Mimi nilikuwa nikisubiri kila mara labda siku hiyo litakaa wazi.

Ikaja miaka ya tisini na mambo yakageuka. Sinema ile ikafungwa, Mhindi akahamia kwa wanawe ng'ambo, ukumbi ukawa ghala la magodoro. Watu wakanunua vidio, na maduka ya kukodisha kanda yakazagaa kila kichochoro. Baadaye wenye nacho wakapandisha madishi juu ya mapaa, wakawa wanaona walimwengu wote usiku na mchana. Hakuna aliyemhitaji Mwalimu tena. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho. Ungedhani ndiyo mwisho wa habari. Lakini mazoea yana taabu. Nyumba za watu wa zamani, wakipata kanda mpya na wanataka kuitazama pamoja, wake kwa waume, bado walimpelekea Mwalimu kwanza aipitishe. Walifanya kama vile mtu anavyompa mkubwa sahani ya kwanza, hata kama mkubwa hana meno.

Mjomba wangu, nduguye mama, alikuwa baharia. Mambo ya filamu ile hakuyajua, kwa kuwa miaka hiyo yote alikuwa majini, na sisi nyumbani jambo likifunikwa halifunuliwi. Katika bandari moja ya Ulaya aliingia duka la vitu vikuukuu, akaona kanda ya vidio ambayo juu ya ganda lake pana picha ya mji wetu, na mtu ameshika masikio. Akainunua kwa kuwa aliona nyumbani. Alipofika Kuze mimi nilikuwa kazini. Nilirudi nikamkuta amekaa barazani na zawadi zake, akanieleza habari ya lile ganda na yule mtu aliyeshika masikio, na mimi nikajua ndiyo Ile ya Kiziwi.

"Iko wapi, Mjomba?"

"Nimempelekea Mwalimu aipitishe. Kesho baada ya Asri tutaitazama sote, wanawake watakuwako."

Nilipaswa kukimbia saa ile ile. Lakini nilijiambia mambo mengi. Nilisema huyu mzee sasa mpole, dunia imebadilika, amenilea, anajua ninavyotaka. Nilifikiri hata ataona furaha kwamba Mungu amenirudishia. Usiku ule nilitoa gauni zuri nikalipiga pasi, kama mtu anayekwenda kupokelewa.

Kesho yake Mwalimu hakuja. Alirudisha kanda na salamu kwamba hajisikii vizuri, na kwamba labda mkono wake uliteleza kidogo katika mashine, tumwie radhi, hizi mashine za kisasa. Watu walijaa sebuleni kwa bibi. Mji wetu ukatokea kwenye kioo, na wazee wakaanza kuita majina: yule fulani, yule marehemu fulani, lile duka la halwa! Wengine walilia. Kiziwi akatembea, akaenda, akapanda ngazi. Akafika dirishani. Nilikuwa nimekaa chini, mbele kabisa, karibu kiasi cha kugusa kioo.

Akafungua dirisha.

Na hapo akatokea mtu wa televisheni mwenye tai, amesimama mbele ya ramani ya Kenya, akitangaza hali ya hewa. Alisema pwani kutakuwa na manyunyu asubuhi, na baadaye jua. Alitabasamu. Kisha kiziwi akarudi, dirisha limefungwa, akateremka ngazi.

Watu walicheka, wakasema maskini Mwalimu, uzee huu. Mimi niliitoa kanda. Kanda ya dukani huwa na kijidirisha kidogo ubavuni. Kikiwa wazi mashine haikubali kurekodi juu yake, hata ubonyeze mpaka kesho. Mombasa nzima ilijua dawa yake, kwa kuwa ndivyo watu walivyokuwa wakirekodia harusi kwenye kanda kuukuu: unakiziba kwa selotepu. Kijidirisha kile kilikuwa kimezibwa. Selotepu yenyewe ilikatwa sawasawa na kusuguliwa kwa kidole mpaka pembe zikalala. Mkono ulioteleza hauwezi kukata selotepu.

Nikamwonyesha Mjomba, nikamweleza nani alikuwa nyuma ya dirisha lile. Hapo ndipo alipojua kuwa ni dada yake. "Mimi ndiye niliyempa," akasema. "Kwa mikono yangu. Nilidhani ni adabu." Baharini alirudi, akalitafuta duka lile, akaambiwa limevunjwa. Kanda nyingine ya namna ile hatujaiona mimi wala yeye.

Toka siku hiyo nikaacha kumwamkia Mwalimu. Asiyekaa Kuze hawezi kuelewa uzito wake. Mtu mzima yuko barazani kwake na wewe unapita kimya kama unapita mbele ya mbuzi! Wanawake walinisema, imamu alinitumia mtu. Nilipita na uso wangu mkavu, miaka. Na yeye, haoni tena vizuri, alikuwa akizijua nyayo zangu. "Masalkheri, mwanangu," alisema kila jioni nikitoka kazini. Hakukosa hata moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu aliyenila alikuwa akinisalimu.

Mwaka wa mvua nyingi, barabara zimekatika, bintiye alikuja kuniita. Mwalimu yuko kitandani, ameniulizia mimi, na amesema nije peke yangu. Nilikwenda kwa sababu ya neno alilotumwa bintiye: "Ana filamu yako anataka kukupa."

Niseme ukweli, nilikimbia. Nilipanda ngazi zile nikiwaza kwamba hakuichoma, kwamba alimdanganya bibi, kwamba kipande kiko chini ya mto. Alikuwa amekwisha kabisa, mifupa na kofia. Macho yote mawili yalikuwa meupe.

"Ndoo, kaa hapa," akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Mwalimu. Iko wapi?"

"Keti kwanza." Akanyosha mikono yake juu ya shuka, na nilipoiona mikono inavyojipanga, nilijua. Niliijua mikono ile toka Mama Ngina. Hakuwa na kipande chochote. Nilitaka kuinuka. Nikakaa.

"Kiziwi akafungua dirisha," akasema. "Sauti ikakatika. Mbele yake pana dari, na kamba, na mwanamke yuaanika shuka. Shuka kubwa, jeupe, limelowa. Upepo ukalijaza, likamzinga mwili wote, kichwa na yote, akawa haonekani. Yuapigana nalo. Ukaona mkono, una bangili, ukatoka huku. Ukarudi. Ukatoka huku. Kisha likamwachia, akatoka, nywele zimemwangukia, akazirudisha nyuma kwa mkono ule ule. Akamwona kiziwi. Akacheka."

Nilikuwa nalia, na nilichukia kulia mbele yake. "Alicheka vipi?"

"Sikukisikia kicheko, mwanangu. Picha ya kiziwi. Hakuna aliyekisikia."

"Na uso wake?"

Mikono ikasimama. Mtu aliyekumbuka rangi ya daraja, na shati la kadhi, na majina ya nyuki wa yule mjane.

"Uso umenitoka," akasema. "Nimeutafuta hapa nilipolala, siku nyingi. Naona shuka. Naona mkono. Nikifika usoni hapana kitu."

"Lakini uliuona tena kwenye kanda! Si zamani sana."

"Sikuuona. Mato yalikuwa yameshaingia ukungu. Niliona weupe umepita, nikajua ndilo shuka, nikairudisha nyuma, nikabonyeza."

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Sebuleni wajukuu zake walikuwa wamewasha televisheni kwa sauti ya juu, mwanamke anaimba na wao wanaimba naye. Mwalimu alinyosha mkono akautafuta wangu, kama wafanyavyo watu wanaojiona wako njiani.

"Niwie radhi," akasema. "Za kujua na za kutojua. Zote nilizowanyima."

Kwetu mtu aliye kitandani akikuomba hivyo, humwachii na mzigo. Nilifundishwa hivyo, na sehemu ya mafunzo hayo nilifundishwa na yeye.

"Nimekuwia radhi, Mwalimu," nikamwambia. "Ya daraja, ya mjane, ya kadhi, na zote ulizozirudisha. Ila hii moja."

"Hiyo moja ndiyo niliyokwitia," akasema.

"Najua," nikamwambia, nikautoa mkono wangu, nikaenda mlangoni kutafuta viatu vyangu.